Makaburi yalihama, watu hawakuhama

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Knoxville, jimbo la Tennessee, Marekani. Bibi yake mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, alizoea kusema, "Sisi tunatoka chini ya ziwa." Wanangu wananiuliza maana yake nami sina jibu. Tunajua makaburi ya ukoo yalihamishwa wakati wa ujenzi wa bwawa la Norris. Yako kwenye makaburi ya kanisa yaliyofunguliwa mwaka 1935, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa: jiwe la babu mkubwa linasema alizaliwa 1798 akafa 1861. Pembeni yake kuna kaburi lenye alama inayosema tu "Hajulikani". Upande wa pili yupo mkewe, aliyekufa 1889. Mstari wa pili una makaburi matatu mafupi yasiyo na jina. Kwenye sensa nimempata mzee huyo mwaka 1850 akiwa kaunti ya Claiborne, na mwaka 1860 akiwa kaunti ya Union. Je, walihama mara mbili? Na nitawajuaje hao wasio na majina? Nimekuwekea nakala za kurasa za sensa nilizopata.

JIBU: Dada yangu, nianze na lililo jepesi. Kati ya 1850 na 1860 huyo mzee hakuhama. Kilichohama ni mpaka. Kaunti ya Union iliundwa katika miaka ya 1850 kwa kumega vipande vya kaunti jirani, Claiborne ikiwemo, na sensa ya kwanza kuitaja ni ya 1860. Mtu alilala Claiborne akaamka Union, na ng'ombe wake wako zizini vilevile. Ukitaka kuhakikisha, usimtazame yeye, watazame majirani. Karani wa sensa alitembea nyumba kwa nyumba akiandika kaya kwa mfuatano wa njia aliyopita. Kwenye kurasa ulizonitumia, nyumba nne kati ya zile zinazomzunguka mwaka 1850 zinamzunguka pia mwaka 1860. Familia tano hazihami pamoja na kupangana upya kwa mpangilio uleule. Hao walikaa palepale.

Kuhama kwenyewe kulikuja miaka sabini na zaidi baadaye. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, ambayo huko kila mtu huiita TVA, iliundwa na Bunge la Marekani mwezi Mei 1933, na mwezi Oktoba mwaka huohuo ikaanza kujenga bwawa la Norris kwenye mto Clinch. Machi 1936 milango ya bwawa ilifungwa na maji yakaanza kupanda. Zaidi ya familia 2,800 zilikuwa zimeondolewa bondeni, pamoja na makaburi zaidi ya 5,000. Kijiji cha Loyston katika kaunti hiyohiyo ya Union kilizama chote. Basi bibi hakuwa akitia chumvi. Hiyo ndiyo maana ya "chini ya ziwa", na wanao unaweza kuwapeleka ufukweni ukawaonyesha.

Sasa nikwambie jambo ambalo watafiti wengi wa nasaba hulichukulia kinyume. Wakisikia makaburi yamehamishwa, hushika tama: historia imepotea. Mimi nafurahi. Kaburi ambalo halijaguswa lina jiwe tu, na jiwe husema kile ambacho mchongaji alilipwa kusema. Kaburi lililohamishwa na serikali lina faili. Kabla ya koleo kuingia ardhini, maofisa wa TVA walizunguka bondeni wakitafuta kila eneo la makaburi, hata yale ya ukoo mmoja yaliyojificha nyuma ya ghala. Walichora ramani ya mkono, wakalitia kila kaburi namba, kisha wakatafuta ndugu wa karibu aliye hai. Ndugu huyo aliulizwa ni nani amelala hapa, alizaliwa na kufa lini, wewe ni nani wake, unataka ahamishiwe wapi au abaki. Akaweka sahihi. Wapo waliokataa, wakasema wafu wao waachwe, na hao wako chini ya maji mpaka leo.

Kwetu si jambo geni. Tanzania tuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na aliyepitiwa na mradi wa barabara anajua mzozo wa nani hasa ndiye mwenye marehemu. Mzozo huo ndio unaozalisha karatasi, na karatasi ndizo tunazozitaka.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza haiko kwenye sensa. Nenda kwenye faili la makaburi. TVA yenyewe ina orodha ya makaburi iliyoyahamisha, na nyaraka zake za zamani zimehifadhiwa katika tawi la Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka lililoko Morrow, jimbo la Georgia, safari ya saa chache tu kwa gari kutoka kwako. Hapo Knoxville, maktaba ya kaunti ya Knox ina mkusanyiko unaoitwa McClung, na watumishi wake wamezoea maswali ya namna hii. Anzia hapo, maana ni karibu. Unachotafuta ni jina la makaburi ya zamani, yaani ya kabla ya 1935, namba za makaburi yenu sita, na ile ramani ya mkono.

Ramani hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani. Kule juu yalikohamishiwa, mpangilio wa mistari unaweza kuwa ulifuata nafasi iliyokuwepo. Kule bondeni mpangilio ulikuwa na maana. Watu wa milima ile walizikwa kichwa magharibi, miguu mashariki, mume na mke bega kwa bega, watoto miguuni au kando ya mama. Walio wanyonge hawakuwa na mawe ya kuchonga. Waliweka jiwe la shambani kichwani na jingine dogo miguuni, sawasawa na mashahidi wa makaburi ya kwetu pwani, na jiwe bubu la namna hiyo halimaanishi kwamba marehemu hakujulikana. Wote walimjua. Waliojua walikufa, basi. Mwaka 1934, mjukuu aliyeulizwa "huyu ni nani?" akajibu "sijui, tulimkuta", karani akaandika "Hajulikani", na tangu hapo ndilo likawa jina lake.

Tumfuate huyo wa pembeni ya mzee. Hapa ndipo sensa inapoingia kazini.

Sensa ya Marekani hufanyika kila baada ya miaka kumi tangu 1790, lakini mpaka 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Wengine walikuwa vijistari katika safu za umri: mwanamume mmoja wa kati ya 30 na 40, mwanamke mmoja wa kati ya 20 na 30, na kadhalika. Kuanzia 1850 kila mtu huru akaandikwa jina. Watumwa waliandikwa katika daftari la kando mwaka 1850 na 1860, kwa umri na jinsia chini ya jina la mmiliki, bila jina lao wenyewe. Kwa familia nyingi za Wamarekani weusi, 1870 ndiyo sensa ya kwanza inayowataja. Ikiwa katika ramani ya makaburi utaona mawe bubu yamejitenga pembeni, nje ya mistari ya familia, usiyapite haraka ukadhani ni ya maskini wa ukoo.

Mwaka 1850 mzee wenu ana miaka 52, mke ana 38. Mtoto mkubwa ana 24, anayefuata 22, kisha pengo, kisha 16, 14, 11 na kushuka. Fanya hesabu: mke wa miaka 38 mwenye mtoto wa miaka 24 alijifungua akiwa na 14. Linawezekana, ila lishike kwanza. Sensa ya 1850 haisemi nani ni mtoto wa nani. Safu ya uhusiano na mkuu wa kaya ilianza 1880. Kabla ya hapo sisi ndio tunaojaza kichwani, na mara nyingi tunajaza vibaya.

Sasa rudi 1830. Katika ukurasa ulionitumia, mzee yupo kwenye safu ya miaka 30 hadi 40, sawa na jiwe lake. Watoto wawili wako chini ya miaka 5, nao wanalingana na wale wa miaka 24 na 22. Na mwanamke wa nyumba ile ana kati ya 20 na 30. Mke tunayemjua, wa 1850, alipaswa kuwa na 18 tu wakati huo. Safu yake ingekuwa 15 hadi 20, na safu hiyo ni tupu.

Umri wa kwenye sensa hauaminiki peke yake. Mzee huyohuyo mwaka 1860 ameandikwa miaka 60 kamili. Makarani walipenda sifuri, na mara nyingine aliyejibu alikuwa mtoto au jirani aliyekuwa ameegemea uzio. Lakini hapa tuna vitu vitatu vinavyovutia upande mmoja: umri wa mama usiokaa sawa, pengo la miaka sita kati ya mtoto wa pili na wa tatu, na kijistari cha 1830 kilichokaa kwenye safu nyingine. Ongeza na la nne, kaburi la ubavuni mwa mzee, upande usio wa mke anayejulikana. Mimi nasoma hivi: mzee alikuwa na mke wa kwanza, akafa baada ya Juni 1830 na kabla ya mtoto wa tatu kuzaliwa mnamo 1834. Wajukuu wa 1934 walitokana na mke wa pili. Yule mke wa kwanza, hawakuwa na sababu ya kumkumbuka.

Ni dalili, bado si ushahidi, nami nisingekwambia uandike hivyo kwa wino. Ili iwe ushahidi, tafuta wazao wa wale watoto wawili wakubwa. Huo ndio upande ambao ungeweza kuhifadhi jina lake, katika Biblia ya familia au katika jina la mjukuu wa kike. Watafute pia katika fomu za TVA, kwa sababu ndugu wa karibu waliotia sahihi kwa makaburi mengine ya eneo lile huenda ndio wao. Na usitegemee kurudi nyuma sana ya 1830. Kwa kaunti za mashariki mwa Tennessee, madaftari ya 1820 yamepotea, na ya miaka ya kabla yake yamepotea karibu yote. Wanaodai wamempata babu yao Claiborne "kwenye sensa ya 1820" wamempata kwenye tovuti ya mtu mwingine aliyekisia. Kwa miaka ile tumia orodha za kodi na hati za mashamba.

Kidogo kuhusu hilo neno "waanzilishi" ambalo familia hulipenda sana. Tennessee ikawa jimbo mwaka 1796, na Chama cha Historia cha Tennessee Mashariki hutoa cheti kwa wanaothibitisha kwamba babu yao alikuwa amekwisha kufika mwaka ule. Ni kazi nzuri, inalazimisha watu kuleta karatasi. Ila ardhi ilikuwa na wenyewe. Mkataba wa Holston, ambao Wacherokee walitia sahihi mwaka 1791 mahali palipo Knoxville leo, ndio uliowatoa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Wanao wakikuuliza nani aliondolewa bondeni, bwawa si mwanzo wa habari.

Nije kwa wale watatu wafupi wa mstari wa pili, maana hao nimelala nikiwawaza.

Sensa ya 1890 iliungua. Moto ulizuka Januari 1921 katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, na kilichobaki baada ya moto na maji ya kuzimia kikaja kutupwa. Matokeo yake, kati ya sensa ya Juni 1880 na ile ya Juni 1900 kuna giza la miaka ishirini. Mtoto aliyezaliwa Agosti 1880 akafa 1899 hayupo popote. Vyeti vya kuzaliwa na kufa? Tennessee ilianza kuandikisha mwaka 1908, ikaacha mwaka 1913, ikaanza tena 1914. Hayupo huko pia.

Lakini sensa ya 1900 iliuliza swali ambalo mimi kila nikilisoma hukaa kimya kidogo. Kila mama aliulizwa: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Nilifungua ukurasa wa mjukuu wa mzee, yule mwenye mke aliyeolewa miaka 21 kabla, yaani 1879. Safu ya mama yule inasema: tisa, sita. Umeniambia nyumbani mnajua majina sita ya watoto wake. Watatu hawajawahi kuandikwa na mtu yeyote ila kwa tofauti ya namba mbili, na kwenye faili la makaburi, huenda, kwa vipimo vya urefu wa kaburi.

Sikwambii watatu hawa ndio wale. Makaburi ya ukoo yalibeba watoto wa nyumba nyingi. Njia ya kujua ni kuwatazama akina mama wote wa ukoo katika sensa ya 1900 na ya 1910, ambayo nayo iliuliza swali hilohilo. Piga hesabu ya wanaokosekana kwa kila mama, halafu linganisha na makaburi mafupi yote ya kwenye ramani ya bondeni. Ikiwa watoto wanaokosekana ni kumi na makaburi mafupi ni matatu, huwezi kusema. Ikiwa hakuna mama mwingine aliyepoteza mtoto, umefika.

Kuna mambo mawili yatakayoziba giza lile la miaka ishirini kwa upande wa wanaume. Mashariki mwa Tennessee palikuwa ngome ya waliobaki na Muungano, yaani upande wa serikali ya Marekani, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ingawa jimbo lenyewe lilijitenga mwaka 1861. Orodha maalumu ya askari wa Muungano na wajane wao ya mwaka 1890 iliponea moto kwa majimbo kadhaa, Tennessee likiwemo. Mtafute mtoto wa mzee humo. Pia mwaka 1891 Tennessee iliandikisha wanaume wote wenye haki ya kupiga kura, wa miaka 21 na kuendelea.

Kwa majina, legeza masikio. Karani aliandika alichosikia, kwa lafudhi aliyoisikia. Sisi tunaotoka kwenye nchi ambako Aisha ni Asha, ni Esha, ni Aesha kwenye vyeti vya mtu mmoja tusishangae. Ukishindwa kumpata kwa jina, tafuta kwa majirani wale wanne.

Mwishowe, namna ya kuwaunganisha wa bondeni na wa leo. Sensa ya 1940 ina swali ambalo ni kama lilitungwa kwa ajili yenu: mtu huyu alikuwa akiishi wapi tarehe 1 Aprili 1935? Wakati huo bonde lilikuwa likihamwa. Mtu anayeonekana 1940 akiwa Knoxville au Anderson, na safu ya 1935 ikasema kaunti ya Union, shambani, huenda ni mmoja wa waliotolewa. Kwenye kila kaya utaona pia alama ya msalaba ndani ya duara kando ya jina moja. Huyo ndiye aliyejibu maswali, nawe utapima maneno yake kwa kujua ni yeye. Sensa hizi ziko wazi kwa umma mpaka ya 1950, iliyofunguliwa Aprili 2022. Zinazofuata zinasubiri miaka 72 kisheria. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch inakuonyesha bila malipo.

Ukifika Morrow omba pia mafaili ya kuhamishwa kwa familia, tofauti na yale ya makaburi. Maofisa walimhoji kila mkuu wa kaya: shamba ekari ngapi, mifugo mingapi, unataka kwenda wapi. Wapangaji wasiokuwa na hata hatua ya ardhi wamo pia, na hao huwapati kwenye hati za mashamba. Na utazame picha alizopiga Lewis Hine bondeni mwaka 1933 kwa ajili ya TVA. Nilimsaidia mtu mmoja aliyemkuta nyanya yake humo, amesimama mlangoni na kikapu. Alikuwa amekuja kutafuta tarehe tu.

Moja la kufanya kabla ya karatasi zote: mnapokwenda kusafisha makaburi na kuweka maua, siku ile ambayo watu wa milima huko huifanya kila mwaka, nenda na daftari. Wewe umekulia kwenye kuzuru makaburi kabla ya Ramadhani, hawatakuona mgeni. Kaa na wazee wa kike. Usiwaulize majina, waulize wakiwa wadogo walikatazwa kukanyaga wapi, na nani aliweka maua kwenye lile la "Hajulikani". Kama kuna mtu aliliwekea maua, alikuwa na sababu, na huenda sababu hiyo ilitoka kwa mmoja wa wale watoto wawili wakubwa.

Kwa sasa, kwenye mchoro wa ukoo, mpe kisanduku chake ubavuni mwa mzee kwa penseli: mke wa kwanza, alizaliwa kati ya 1800 na 1810, alifariki kati ya 1830 na 1834. Na chini ya yule mama wa tisa, chora visanduku tisa.